Gari la Hadija Linashtuka

Kila asubuhi, kabla ya chai, Hadija binti Dadi alilizunguka gari lake. Alitazama matairi. Aliinama kuona kama kuna oili iliyodondoka. Alipima maji. Kisha alichukua kitambaa akalifuta, akalifuta tena, mpaka mama yake, Bi Ashura, akamtania kwamba siku mchumba akija nyumbani hapo, atalionea gari wivu.

Walikaa Ujiji, si mbali na ziwa. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Boti zilileta watu kutoka Kongo, na wengine walivuka mpaka kwa miguu kutoka Burundi. Makambi yalijaa. Mashirika ya misaada yalitafuta magari kila kona, na mwenye gari zima hakukosa kazi. Nasema gari zima. Bovu halina rafiki.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la gia za mkono, lenye nafasi ya mizigo nyuma. Mzee Dadi, baba yake Hadija, alilinunua kwa biashara ya nyavu. Aliliendesha mwenyewe mpaka macho yakaanza kumsumbua. Ndipo akamwita binti yake, akamkabidhi ufunguo. Majirani walinong'ona. Mwanamke dereva, tena hapa Ujiji? Mzee Dadi aliwajibu kwamba usukani hauulizi nani kaushika, unauliza kama anajua. Maneno yakaisha.

Basi, nyota ya jaha ikamwakia Hadija. Sista Catherine, muuguzi msimamizi wa chanjo kambini, alitaka gari la kupeleka wauguzi na masanduku ya chanjo. Ilikuwa kazi ya kila siku, ya mwaka mzima. Alikuwa na sharti moja. Vioo vifungwe njia nzima na kiyoyozi kifanye kazi, kwa sababu barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, na joto la mchana huyeyusha barafu ya kutunzia chanjo. Chanjo ikipata joto, haimkingi mtoto tena. Hadija alisema kiyoyozi kipo, tena ni kizima. Hakudanganya, aliamini hivyo.

Safari ya kujaribu ilimuumbua. Kiyoyozi kikiwa kimezimwa, gari lilikwenda vizuri kabisa. Kikiwashwa, balaa. Gari lilivuta, likalegea, likavuta tena, kama mtu anayekanyaga mafuta na kuachia, ilhali mguu wa Hadija umetulia. Masanduku yaligongana nyuma. Sista Catherine alishika tumbo, na kabla hawajafika mbali aliomba wasimame, akatapika kando ya njia. Alipomaliza alinawa uso. Akasema kwa upole kwamba atampa nafasi moja zaidi, siku ya Alhamisi. Gari likishtuka tena, atachukua la mtu mwingine.

Nyumbani Mzee Dadi alisikiliza habari zote, akashusha pumzi. Alisema kuna mtu wa Kasulu anayelitaka gari. Kazi ya chanjo ikikosekana, ataliuza, maana gari lisilo na kazi huozea uani. Hadija akajiona amerudi ufukweni kuanika dagaa. Kazi hiyo aliijua, na hakuidharau. Ila roho yake ilikuwa kwenye usukani.

Fundi wa kwanza, pale mtaa wa Mwanga, hakutaka hata kuliendesha. Alisikia neno kushtuka, akasema klachi imekwisha. Klachi ikashushwa, ikafungwa mpya. Gari likatoka gereji likishtuka vilevile. Fundi wa pili alisema gesi ya kiyoyozi imepungua, iongezwe. Hakupima chochote. Alilitazama tu gari kwa jicho moja, kama mganga. Mzee Dadi alikuwa tayari kukubali, kwani mfa maji haachi kutapatapa. Hadija akamsihi asubiri kidogo. Alikuwa amemkumbuka Oswald.

Oswald alikuwa Muha wa mtaa wa Buzebazeba, fundi wa majokofu na viyoyozi vya magari. Alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko. Watu walisema ukimpelekea friji, utarudi nayo ikiwa imepona, na wewe mwenyewe umefundishwa, utake usitake.

Alikuja Jumanne asubuhi. Alisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," kisha akampa Mzee Dadi shikamoo yake. Kabla hajagusa spana, alianza maswali. Linashtuka injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Mwendo wa taratibu au wa kasi? Kiyoyozi kikizimwa, linaacha? Hadija alijibu moja moja. Linashtuka likishapata moto, katika mwendo wa taratibu. Kiyoyozi kikizimwa, linatulia hapo hapo.

"Basi klachi mmeibadilisha bure," alisema Oswald. "Klachi haijui kama kiyoyozi kimewashwa. Ingekuwa mbovu, ingewasumbua hata vioo vikiwa wazi. Ugonjwa unaokuja na kiyoyozi, anza kuutafuta kwenye kiyoyozi."

Kisha akauliza swali ambalo mafundi wale wawili hawakuliuliza. Kabla tabu hii haijaanza, mlibadilisha nini kwenye gari?

Mzee Dadi alisema hawakubadilisha kitu. Hadija alikumbuka kitu kimoja. Palikuwa na wavu. Mara moja walipita njia yenye nyasi ndefu, wakarudi na vumbi na mbegu za nyasi tele mbele ya gari. Mzee Dadi akachukua kipande cha wavu wa dagaa, akakikunja mara mbili, akakishona na kukifunga nyuma ya matundu ya mbele ya gari, ili uchafu usipite. Alishona kwa kupapasa, maana macho hayakuona tena tundu la wavu. Ilikuwa kazi safi. Wenye magari wengine wa Ujiji waliusifu, na wawili watatu walimwomba awashonee wa kwao. Tangu macho yadhoofike, hiyo ndiyo kazi pekee iliyomfanya atembee kifua mbele. Hadija hakuona jinsi wavu unavyoweza kulishtua gari, na hakuwa na hamu ya kuutaja.

Oswald alimwambia Hadija afunge mtandio vizuri, usininginie karibu na mikanda ya injini. Gari likawekwa fri, breki ya mkono ikavutwa, injini ikawashwa ikapata moto. Boneti ikafunguliwa. Hadija akabonyeza kitufe cha kiyoyozi. Chini kwenye injini kitu kikalia, tak.

Oswald alieleza kwamba hiyo ni kompresa, pampu ya kiyoyozi. Inaendeshwa na injini. Ikishika, injini imebebeshwa mzigo, na ni kawaida iyumbe kidogo kisha ijiweke sawa. Injini yao iliyumba na kujiweka sawa. Hapo Oswald akatikisa kichwa kwa furaha. Injini ingetaka kuzimika, alisema, wangetazama plagi, njia ya hewa na mahali injini inapopangiwa mwendo wake gari likiwa limesimama. Sasa wasikilize pampu. Ikishashika, inatakiwa ikae kwenye kazi kwa muda.

Wakasikiliza. Tak, ikashika. Tak, ikaachia. Tak, ikashika. Haikukaa. Kila iliposhika injini ililemewa, na kila ilipoachia injini iliruka juu.

Hadija aliutambua mdundo ule. Kule kuvuta na kulegea kwa barabarani kulikuwa hapa, mbele ya macho yake. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Siku zote hizo alikuwa akijilaumu kwamba hajui kukanyaga mafuta, kumbe pampu ndiyo iliyokuwa inamchezea.

"Inashika na kuachia kwa sababu mgandamizo wa gesi hauko sawa," alisema Oswald. "Labda gesi ni kidogo. Labda joto halipati pa kutokea. Ukiongeza gesi bila kupima, na kumbe tatizo ni joto, unaliua gari. Naenda dukani kwa Veneranda, friji yake inasumbua, na geji zangu za kupimia gesi ziko huko. Twende wote."

Veneranda aliuza soda karibu na soko la Mwanga. Alikuwa amenuna, maana soda zilikuwa za moto na wateja walikuwa wakimcheka. Oswald aliitazama friji, akaguna. Ilikuwa imesukumwa ukutani, na magunia ya mahindi yamepangwa nyuma na ubavuni. Akamwambia Hadija apitishe mkono nyuma ya friji. Hadija aliupitisha, akaurudisha upesi. Kulikuwa na joto kali.

Hapo Oswald alifundisha, na wateja wote wakasogea. Alisema friji haitengenezi baridi. Friji inahamisha joto. Inalichukua ndani kwenye soda, inalibeba kwenye gesi, inakuja kulitema nyuma. Ukiiziba nyuma, joto halitemwi. Gesi inabanwa, pampu inalemewa, na soda zinabaki za moto. Kiyoyozi cha gari ni hivyo hivyo. Joto la ndani linakuja kutemwa mbele ya gari, kwenye kitu kinachoitwa kondensa, kilicho kama rejeta nyembamba, nacho hukaa mbele ya rejeta ili kipigwe na upepo wa kwanza. Kondensa ikikosa upepo, mgandamizo unapanda. Kuna swichi ya usalama inayoizima pampu isipasuke. Mgandamizo ukishuka, inaiwasha tena. Washa, zima, washa, zima.

Veneranda alikuwa ameshaanza kuburuta magunia yake. Hadija yeye aliganda pale pale. Wavu wa dagaa, uliokunjwa mara mbili, ulikuwa mbele kabisa ya kondensa.

Oswald aliuona uso wake ulivyobadilika. "Wewe unajua kitu," alisema.

"Najua," alijibu Hadija. "Lakini kinamhusu baba."

Alimweleza yote. Oswald, mtu wa vicheko, safari hii hakucheka. Alisema gari anaweza kulitengeneza yeye, ila mzee ni wa Hadija mwenyewe.

Hadija alirudi Ujiji akiwa na mambo mawili yanayogombana kifuani. Furaha ilimsukuma aende mbio. Huruma ilimvuta nyuma. Jikoni alimnong'oneza mama yake. Bi Ashura aliendelea kuchagua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie baba yako. Ila usimwambie kwa mdomo mtupu, mwonyeshe."

Basi, Oswald alipofika na vifaa vyake, Hadija alimshika baba yake mkono, akampeleka mbele ya gari. Injini ilikuwa inanguruma, kiyoyozi kimewashwa, feni inazunguka. Alimkunjia mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko. Akampa kipande cha karatasi, akamwomba akiweke kwenye matundu ya mbele, mbali na feni na mikanda. Alimwambia feni inavuta upepo kutoka nje, kwa hiyo karatasi inatakiwa ing'ang'anie hapo yenyewe.

Mzee Dadi aliweka karatasi, akaachia. Ikaanguka chini. Akaiokota kwa kupapasa, akaweka tena. Ikaanguka tena.

"Feni ni mbovu?" aliuliza.

Hadija alizima injini. Alingoja feni isimame kabisa, kisha akafungua vifungo vya wavu. Wavu ulitoka ukiwa mgumu kama ngozi iliyokauka. Vumbi jekundu, oili na wadudu vilikuwa vimeziba kila tundu. Akauweka mkononi mwa baba yake. Mzee Dadi aliupapasa kwa vidole vilevile vilivyoushona. Hadija akawasha tena injini na kiyoyozi. Baba yake akaweka karatasi kwa mara nyingine. Safari hii ilivutwa, ikanata.

Mzee alibaki amesimama. Alisema taratibu, "Nilidhani ninalilinda."

"Ulililinda, Baba," alisema Hadija. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Wavu wa dagaa haupitishi kitu, ndiyo sifa yake. Tatizo ni kwamba hata upepo haukupita."

Mzee Dadi alikohoa, akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. Halafu akasema jambo ambalo Hadija hakulitegemea. Alitaja majina ya wenye magari aliowashonea, akamwambia Bi Ashura amletee viatu. Alitoka na fimbo yake jua hilo hilo, akawapitia nyumba kwa nyumba, akawaambia wazi kwamba amewakosea na wavu uondolewe leo. Mmoja alikiri kwamba hata gari lake lilikuwa linachemsha, ila aliona haya kusema. Oswald aliposikia, alisema wazee wa namna hiyo wangekuwa wengi, mafundi wangelala njaa.

Kazi haikuishia hapo. Injini ilipopoa, Oswald alimwonyesha Hadija jinsi ya kuosha kondensa. Maji yapite taratibu, kutoka upande wa ndani kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Maji ya kasi yanalaza vile vibati vyembamba vya kondensa, na vikilala, upepo unazibwa upya. Mbegu za nyasi zilizonasa walizitoa kwa brashi laini. Maji yalitoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha meupe. Mwisho Oswald alifunga geji zake, akapima mgandamizo. Gesi ilitosha. Alimwonya Hadija asifungue kamwe mipira ya gesi mwenyewe, kwa sababu gesi ikimrukia itamuunguza ngozi, hata kumpofusha.

Wakatoka kulijaribu. Vioo juu, kiyoyozi mpaka mwisho. Tak, pampu ikashika, na ikakaa. Gari likateleza barabara ya Ujiji bila kushtuka hata kidogo, na ubaridi ukatoka hasa, mpaka Oswald akajikunyata. Hadija alipiga kelele ya furaha. Alipiga honi bila sababu. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa kando ya njia alimwuliza kwa mkono kama kuna harusi.

Lakini mlimani gari likatikisika. Furaha ikamkauka Hadija mdomoni. Oswald aliutazama mkono wake wa gia, akauliza yuko gia ya ngapi. Alikuwa gia ya nne, mwendo wa kutambaa, tena mguu wa kushoto umeegemea klachi.

"Hapo sasa kosa ni lako, si la wavu," alisema. "Injini inapanda mlima, inabeba kiyoyozi, na wewe unaibana na gia kubwa. Shusha gia. Toa mguu kwenye klachi kama hubadilishi gia. Mlima ukiwa mkali sana, zima kiyoyozi mpaka ufike juu, kisha washa."

Hadija alishusha gia mpaka ya pili. Injini ikapumua. Gari likapanda kwa sauti moja, laini. Alirudi chini akapanda tena, akarudi tena, mpaka Oswald akaomba ashushwe aende nyumbani kwake, maana ameshakuwa abiria wa mlima mmoja. Kabla hajashuka alimwambia kwamba magari hayafanani. Lingine litashtuka kwa gesi kuvuja, lingine kwa plagi zilizochakaa, lingine kwa feni iliyokufa. Kwa hiyo aulize kwanza, asikilize, atazame, halafu ndipo afungue.

Alhamisi ikafika. Sista Catherine alikuja na sanduku moja tu la majaribio, na mfuko wa nailoni mkononi, endapo atatapika tena. Hadija aliuona mfuko ule. Akafunga vioo, akawasha kiyoyozi, akaondoka.

Walipita Mwandiga. Vumbi jekundu lilitanda nje, malori ya chakula cha kambini yakawapita, ndani kukawa na ubaridi na utulivu. Hadija alisikiliza pampu kwa masikio yote mawili. Kwenye mlima alishusha gia mapema. Sista Catherine hakusema neno. Kila ukimya wake ulivyorefuka, Hadija alizidi kuwaza. Pengine amekasirika. Pengine ameshaamua. Hakuthubutu kugeuka kumtazama.

Alipogeuka walikuwa wamefika getini mwa kambi. Sista Catherine alikuwa amelala fofofo, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, na mfuko wake umemwangukia miguuni.

Hadija alizima injini. Ukimya ndio uliomwamsha muuguzi. Alijinyoosha, akaona geti, akaona foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni, wanaosubiri chanjo ya surua. Alifungua sanduku, akagusa barafu. Ilikuwa bado ngumu. Akashuka, akamwita mtunza stoo aliyekuwa amesimama na masanduku mengine ya kurudisha mjini.

"Pakia humu," alisema. "Na kuanzia kesho usitafute gari jingine. Gari la chanjo ni hili, na dereva wetu ni huyu dada."

Mtunza stoo alianza kupakia. Hadija alishuka kumsaidia, akabeba sanduku la kwanza mwenyewe, akalipakata kama mtoto, akasahau kabisa pa kuliweka.